Aliyemwonja Kambakochi Mkubwa

Katika kisiwa cha Sorrel, pwani ya Maine, kila mtu anajua kwamba kambakochi mkubwa haliki. Ni mgumu kama soli ya kiatu, nyama yake nyuzi tupu, ladha yake tope. Watoto wa shule watakuambia hivyo, wazee waliokula chumvi nyingi watakuambia hivyo, na Verlie Grindle aliwaambia hivyo wageni wa kiangazi kwa miaka thelathini na moja, amesimama kwenye meza ya kuchambulia nyama katika kiwanda cha Coleman Stanwood, kisu mkononi, aproni ya plastiki hadi magotini. Mwenyewe alikuwa hajaonja hata kipande.

Angeonjaje? Mvuvi wa kwetu ana kipimo cha shaba mfukoni. Anamshika kambakochi, anapima kutoka tundu la jicho hadi mwisho wa gamba la mgongo. Akipungua anarudi majini. Akizidi anarudi vilevile, maana hao wakubwa ndio wazazi wa wengine wote. Jike mwenye mayai anakatwa kipengo kidogo mkiani kabla ya kuachiwa, ili hata siku atakapokuwa hana mayai, mvuvi mwingine ajue huyu ni mzazi na amwache aende. Hakuna askari anayeweza kupanda kila boti kuhakikisha. Watu wanafanya kwa sababu baba zao walifanya, na asiyefanya tunamjua, na tukishamjua tunamshughulikia wenyewe kabla serikali haijapata habari.

Sasa tazama mambo yalivyo. Ukisema kambakochi mkubwa ni mgumu, hakuna atakayekuuliza umejuaje. Ukisema ni laini, umejishtaki kwa mdomo wako.

Harlan, mume wa Verlie, alikuwa na miaka sitini na sita, na arobaini na sita kati ya hiyo ilikuwa ya baharini. Bega lake la kulia lilikuwa limechakaa. Watu walimcheka kwamba kipimo chake kina roho ya padri, kwa sababu kambakochi aliyemtilia shaka kidogo tu alimtupa majini bila kusikitika. Nje ya bahari hakuwa na kazi wala mchezo. Siku za dhoruba alizunguka nyumbani kama mgeni aliyekosa basi, akifungua kabati na kulifunga. Verlie aliogopa mambo mengi, kuanzia ukungu na madaktari hadi simu za alfajiri, lakini lililomtia baridi kuliko yote ni picha ya Harlan bila boti.

Mwezi Agosti, siku moja akiosha vyombo, Verlie alisema, "Nitakufa nimewadanganya watu, Harlan. Nimechambua kambakochi maelfu kwa maelfu, na huyo mkubwa sijui hata ladha yake." Harlan hakusema kitu. Ndivyo alivyo: ukimwuliza neno leo, anaweza kukujibu baada ya miezi miwili.

Jibu lilikuja Oktoba, siku Verlie alipotimiza miaka sitini na tano. Ilikuwa Jumamosi mchana, ukungu umetanda hadi kwenye ngazi za nyumba. Harlan aliingia jikoni amebeba kreti la mbao begani, bega lile bovu, akaliweka sakafuni.

"Funga mlango," alisema.

"Kuna nini?"

"We funga kwanza, mama."

Alipofunua gunia lililolowa, Verlie alishika ukingo wa meza. Alikuwa kambakochi wa ratili kumi na tisa, kama walivyokuja kupima baadaye. Rangi yake ilikuwa ya kijani kilichokaribia weusi, konokono wa baharini wamejenga mgongoni, na gando moja peke yake lilikuwa pana kuliko sahani. Lile jingine lilikuwa limepasuka hadi kwenye kiungo.

"Harlan, umerukwa na akili?"

"Hakuingia mtegoni. Haenei. Alinasa gando kwenye mlango, akapanda nao. Kumtoa tu, likapasuka. Angekufa huyu."

"Aliyekufa naye anarudishwa. Unajua."

"Najua. Ulisema unataka kujua ladha yake."

"Nilisema tu, kama watu wanavyosema."

"Basi heri ya siku ya kuzaliwa."

Ndipo Verlie alipoiona mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka. Katika miaka arobaini ya ndoa alikuwa hajawahi kuona mikono ya Harlan ikitetemeka, hata siku waliyomzika mama yake.

"Mrudishe," alisema. "Rudi gatini sasa hivi, umtupe."

"Torrey yuko gatini."

Wade Torrey alikuwa askari wa uvuvi, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mla pai.

"Amekuona?"

"Amenisalimia. Amenishikia mlango wa gari niweke kreti."

Verlie aliketi. Kosa kama lile lingeweza kumnyima Harlan leseni kwa miaka mitatu, na mtu wa miaka sitini na sita mwenye bega bovu akikaa nchi kavu miaka mitatu, harudi. Kumrudisha yule mnyama ni kumpitisha tena mbele ya Torrey. Kumweka nyumbani ni kukaa na ushahidi. Njia iliyobaki ilikuwa moja.

Hakuna sufuria iliyomtosha. Alitumia karai la bati la kufulia, akaliweka juu ya mafiga mawili ya jiko, akatia maji ya bahari na kulifunika kwa sinia. Alifunga madirisha yote, akashusha mapazia, akakunja taulo na kuziba chini ya mlango ili harufu isitoke. Moto aliuweka mdogo, kwa kuogopa mvuke na si kwa ujuzi. Jikoni kukawa na joto la kutoa jasho, na kila gari lililopita barabarani Verlie aliacha kupumua hadi lilipopotea. Ilichukua saa moja na robo.

Harlan alisimama dirishani, ameinua ncha ya pazia kwa kidole.

"Njoo uonje," Verlie alisema.

"Mimi hapana. Nimewarudisha hawa tangu nina miaka ishirini. Simtii mmoja wao mdomoni. Huyo ni wako peke yako."

Alivunja gando kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Alikula amesimama, haraka haraka, kama mwizi. Alitafuna, akaacha kutafuna, halafu akaendelea.

"Vipi?" Harlan aliuliza bila kugeuka.

Verlie alitazama mgongo wake na kile kidole kilichokuwa bado kinatikisa pazia. Nikimwambia kweli, aliwaza, Krismasi ataleta mwingine.

"Mgumu," alisema. "Ni kama walivyosema wote. Soli ya kiatu."

"Hata magando?"

"Hata magando."

Mabega ya Harlan yalishuka. Verlie aliliona hilo na likamuuma. Lakini heri mume aliyevunjika moyo, alijiambia, kuliko mume aliyenyang'anywa bahari.

Gamba alilitwanga ndani ya gunia na kulizika kwenye shamba la viazi, mashimo matatu tofauti. Asubuhi aliwakuta shakwe wawili wanagombania kipande cha gando kipana kama kiganja. Alitoka na gauni la kulalia na ufagio, akawafukuza, akapiga magoti kwenye baridi akichimba upya kwa mikono. Kuanzia siku hiyo alikagua lile shamba mara sita kwa siku. Usingizi ulimpaa. Kiwandani, Coleman akimwita jina tu, kisu kilimponyoka.

Wiki mbili zilipita bila neno, naye akaanza kupumua. Hapo ndipo mtu hujisahau.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi sisi hula maharage pamoja ukumbini, saa kumi na moja jioni. Kila mwanamke huleta chungu chake cha maharage yaliyookwa tangu jana na mafuta ya nguruwe na asali ya miwa, na chungu cha Verlie ndicho huisha kwanza. Siku hiyo Harlan alibaki nyumbani na bega lake. Mezani alikuwapo Coleman, ambaye kiwanda ni chake na neno lake ndilo linalosikilizwa gatini. Wade Torrey naye alikuwapo, na daktari mmoja wa meno kutoka Boston, mgeni aliyechelewa kuondoka.

"Hebu niambieni," daktari alisema, "wale wakubwa kabisa mnaowatupa. Ni kweli hawaliki?"

"Soli ya kiatu," Coleman alisema.

"Rafiki yangu wa Kanada anasema sivyo."

"Huko Kanada wanakula hata viatu," Coleman alisema, na watu wakacheka. "Muulize Verlie. Nyama ya kambakochi kisiwa hiki anaijua yeye."

Verlie hakuwa amekunywa kitu. Hakukuwa na sababu nyingine ila majivuno ya mpishi aliyebeba kwa wiki mbili jambo analolijua peke yake.

"Kosa ni la mpishi," alisema. "Ukimtokosa kwa moto mkali, hata mdogo anakuwa mpira. Mkubwa anataka moto mdogo, saa moja na robo, halafu mkia uukate vipande vyembamba, ukikatisha nyuzi. Akiiva hivyo ni laini kabisa..."

Aliisikia sauti yake mwenyewe ukumbini. Nyingine zote zilikuwa zimenyamaza.

"Saa moja na robo," Coleman alisema polepole. "Si saa moja tu."

"Nimesikia watu wakisema."

"Watu gani?"

Wade Torrey alikuwa akiitazama pai yake kama mtu anayesoma barua. Daktari wa meno, asiyejua alichokifanya, aliomba chumvi.

Hakumwambia Harlan. Alimwambia maharage yalikwisha, jambo ambalo lilikuwa kweli. Siku tatu alikaa na lile neno kifuani, na siku ya nne Harlan alirudi mapema, akaketi na buti zake miguuni.

"Nimefungiwa vitanzi," alisema. "Maboya kumi na moja."

Kwetu hilo halihitaji maelezo. Mtu akichoshwa na wewe, anafunga vitanzi viwili kwenye kijiti cha boya lako. Hiyo ndiyo barua ya kwanza. Ya pili ni kisu: kamba zinakatwa, mitego inabaki chini ya bahari, na hakuna aliyeona.

"Sijaingia eneo la mtu," Harlan alisema. "Nimefikiri njia nzima. Sijamkosea mtu."

Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepigwa bila kuambiwa kosa. Verlie hakuvumilia.

"Ni mimi," alisema. "Mdomo umeniponza, Harlan. Ukumbini. Nimesema namna ya kumpika. Wameelewa."

Harlan alivua buti moja. Ya pili aliiacha.

"Torrey alikuwapo?"

"Alikuwapo. Sasa nisikilize. Akija, nitamwambia nilimwokota mwenyewe ufukweni, baada ya dhoruba ya mwanzoni mwa Oktoba. Mimi sina leseni ya kunyang'anywa. Nitalipa faini, yataisha."

"Siwezi kunyamaza wewe ukibeba mzigo wangu."

"Utanyamaza. Miaka arobaini nimekaa dirishani nikingoja boti yako. Sitakaa hapo tena nikikutazama wewe, hujui uende wapi. Niahidi."

Harlan hakujibu. Verlie alimjua mumewe, na ule ukimya ulimtisha kuliko vile vitanzi.

Wade Torrey alikuja Alhamisi. Alivua kofia mlangoni.

"Bi Verlie, sipendi kukuuliza."

"Uliza, mwanangu."

"Yule kambakochi."

"Nilimwokota. Dhoruba ilimtupa ufukweni, hapo nyuma ya nyumba. Nikamtamani, nikampika. Harlan alikuwa baharini."

Wade alitazama dirishani. Nyuma ya nyumba ya kina Grindle kuna ghuba ya tope tupu, hakuna mwamba, na tangu kisiwa kiumbwe hajatokea huko kambakochi hata wa kidole. Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi. Verlie aliitazama ile kalamu. Kama angekumbuka lile kreti. Kama angekumbuka mlango wa gari alioushika kwa mkono wake.

"Ufukweni," Wade alisema.

"Ufukweni."

"Gamba bado unalo?"

Lilichimbuliwa, likapimwa, likakadiriwa ratili kumi na tisa. Aliandika, na Verlie akatia sahihi. Ijumaa Coleman alimwita ofisini na kumwambia, bila kumtazama, kwamba kiwanda hakiwezi kuwa na mtu mwenye karatasi ya namna hiyo. Alimpa aproni yake ikiwa imekunjwa. Jumamosi vitanzi vya maboya yote kumi na moja vilikuwa vimefunguliwa.

Basi ilifaulu. Harlan alikwenda baharini, akarudi, akala, akalala. Lakini hofu ya Verlie haikuondoka, ilihama tu. Sasa alimwogopa Harlan mwenyewe. Alimwogopa akienda dukani, akipiga soga gatini, akifungua mdomo kupiga mwayo. Dukani wanawake waliomjua tangu utotoni waligeukia rafu za unga alipoingia. Hilo alilimeza. Kila asubuhi alisikia injini ya boti ikiwaka na kujiambia, siku nyingine imepita.

Mwishoni mwa Novemba alioka maharage yake kama kawaida, maana kutokwenda kungekuwa sawa na kukiri kwamba anaona haya. Chungu chake kiliwekwa katikati ya meza ndefu. Watu walijipanga na sahani. Walichota kushoto kwake, wakachota kulia kwake. Mfuniko haukuguswa. Verlie aliketi mikono mapajani, akitabasamu kidogo kwa kila mtu, na Harlan kando yake aliuangalia ule mfuniko kwa muda mrefu.

Halafu alisimama.

"Kaa chini," Verlie alisema kwa sauti ya chini. Alimshika mkono wa sweta. "Harlan. Kaa chini, nakuomba."

Aliutoa mkono wake taratibu, bila ukali, kama anavyomtoa kambakochi kwenye wavu.

"Mtego ulikuwa wangu," aliuambia ukumbi. "Nilimtoa mimi, nikamleta nyumbani mimi, siku yake ya kuzaliwa. Nilimpitisha mbele yako, Wade. Ukanishikia mlango wa gari."

Hakuna aliyesogeza kiti.

"Nyuma ya nyumba yetu ni tope, hakuna kambakochi. Nyote mnajua ni tope. Mlikubali ule uongo kwa sababu kumtenga mwanamke ni rahisi kuliko kumtenga mtu mnayefunga naye boti gati moja. Haya. Sasa mnitenge mimi."

Coleman alitazama sahani yake. Wade Torrey alifuta mdomo na kusimama pia, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli.

"Mzee Harlan, unajua itabidi niandike upya."

"Najua. Andika."

"Leseni itakwenda. Miaka mitatu."

"Najua kuhesabu, Wade."

Verlie alikuwa ameufunika uso. Kila alichokinunua kwa jina lake kilikuwa kimetupwa mbele ya macho yake, na aliyekitupa ndiye aliyemnunulia. Alitaka kumpiga. Alitaka kumficha chini ya meza. Harlan alifunua chungu, akajichotea maharage hadi sahani ikajaa, akaketi na kula yote bila haraka, na watu wakabaki kumtazama.

Walirudi nyumbani kwa miguu, kwa mwanga wa mwezi.

"Boti utaifanya nini?" Verlie aliuliza.

"Nitaiuza. Wakati bado ina thamani."

Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, lakini akajikwaa mahali pasipo na jiwe, na Verlie akamshika mkono. Hofu yote ya ule mwezi mmoja na nusu ilikuwa imemtoka. Haikuwa na kazi tena, kwa kuwa kila alichokiogopa kilikuwa kimeshafika. Kilichobaki kilikuwa kizito tu.

"Coleman ameniambia ulivyosema ukumbini siku ile," Harlan alisema. "Ati ni laini. Mimi uliniambia soli ya kiatu."

"Niliogopa utaleta mwingine."

Harlan alitembea kidogo.

"Ningeleta," alisema. Halafu akasema, "Niambie basi. Kweli yake."

Verlie alisimama katikati ya barabara, akafuta macho kwa kiganja ili aweze kueleza vizuri. Alianza na gando lililopasuka, kwamba nyama yake ilitoka nzima kama mkate kwenye bati, nyeupe, na ilikuwa na utamu uliokuja nyuma ya chumvi, polepole. Alimweleza vile vipande vidogo vya kwenye viungo, ambavyo kwa mdogo huwezi hata kuvitafuna, lakini kwa huyu vilijaa mdomo. Alimweleza mkia, nyuzi zake, na siagi ilivyoingia kati ya nyuzi. Alimwambia hajawahi kula kitu kizuri kama kile, na kwamba alikila kwa pupa na hofu hadi nusu ya ladha ikampita.

Harlan alisikiliza ameinamisha kichwa, mdomo wazi kidogo.

"Endelea," alisema.